Soketi Isiyozimika

Kikosi cha ukarabati kilipofika mtaa wa Rashidiya, Dubai, siku ya kwanza, Mercyline Bosibori alikuwa hajamaliza hata mwezi tangu aonywe asiguse wala kuuliza kitu kisichomhusu. Onyo lenyewe alilipata kwa barua. Alikuwa akisafisha ofisi za kampuni moja ya mizigo kule Freezone ya uwanja wa ndege, akaona swichi ya chooni inatoa cheche. Akazima umeme wa choo, akaifungua ile swichi kwa ncha ya kisu cha mkate, akakaza waya uliolegea, akaifunga. Swichi ikapona. Lakini mlinzi alimwona, mlinzi akamwambia msimamizi, na msimamizi akasema mfagiaji ni mfagiaji. Kampuni iliyomleta Dubai, yenye ofisi yake Al Baraha juu ya duka la dobi, ikamtoa huko na kumtupa kwenye kikosi cha ukarabati wa nyumba.

Kibali chake cha kazi kilisema mfagiaji. Cheti chake, alichokiweka ndani ya Biblia chini ya mto wake, kilisema fundi wa stima, gredi ya tatu, kutoka chuo cha ufundi kule Kisii. Kwa miaka mitatu karatasi hizo mbili hazikuwahi kukutana. Mercyline alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja, na alikuwa mtu ambaye akiona bomba limeingia ukutani, hapati raha mpaka ajue linatokea wapi.

Kikosi kilikuwa cha watu watatu. Mkubwa wao alikuwa Munir, mtu wa Mombasa, fundi wa fremu na bodi za jipsamu, mrefu, mwembamba, asiyependa kupaza sauti. Fundi wa umeme alikuwa Yowasi, Mganda wa Masaka, mwenye mikono myepesi na haraka nyingi. Wa tatu ni Mercyline, na kazi yake ilikuwa kufagia vumbi, kubeba vifusi, na kushika kile alichoambiwa ashike.

Nyumba ilikuwa ya Bi Mahfudha, mjane wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Ghuba akiwa msichana wa kuvaa ushungi mara ya kwanza. Chumba chake kilikuwa ghorofani, na magoti yake yalikuwa yamegoma ngazi. Gari la marehemu mumewe lilishauzwa, gereji ilikuwa tupu, basi akaamua gereji igeuzwe kuwa chumba cha kulala. Ilikuwa imebanwa baina ya nyumba yenyewe na ukuta wa mpaka wa jirani. Ukuta wake wa nyuma ulitazama machweo, ukipigwa na jua mpaka ukawaka kama chapati inayoungua, na kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu kwa kishindo cha kutikisa vikombe. Bi Mahfudha hakutaka joto na hakutaka ndege. Vingine vyote, alimwambia Munir, afanye aonavyo yeye.

Mercyline alipomwita madam, yule bibi alimwambia madam ni watu wa ofisini. Yeye ni Bi Mahfudha.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za fremu. Munir alipiga reli ya bati sakafuni, akapiga nyingine sawasawa nayo darini, kisha akaanza kusimamisha vyuma vya wima baina ya hizo mbili, kimoja baada ya kingine, mpaka ukuta wa matofali ukapata mbavu mbele yake. Mercyline alishika pima maji. Alitazama lile povu dogo likitulia katikati, akasema sawa, na Munir akafunga skrubu. Mercyline alivumilia mpaka chuma cha nne, kisha akauliza kwa nini kila kimoja kiko sentimita sitini kutoka kwa mwenzake, si hamsini wala sabini.

Munir hakukasirika. Alimwambia bodi ina upana wa sentimita mia na ishirini, kwa hiyo ukihesabu sitini sitini, ncha zote mbili za bodi huangukia juu ya chuma na katikati pia pana chuma cha kushikia skrubu. Ukikosea, bodi moja itaning'inia hewani. Mercyline alifurahi moyoni kwa jibu hilo, kama mtu aliyepewa kitu cha kula. Akauliza pia juu ya yale magodoro ya kijivu yaliyokuwa yamerundikwa uani, yatakayojazwa baina ya vyuma. Munir akasema ni sufi, lakini haikutoka kwa kondoo. Ni mawe yaliyoyeyushwa yakavutwa kuwa nyuzi. Haishiki moto, inazuia joto, inameza kelele, na ukiigusa bila glavu utajikuna mpaka Ijumaa. Mercyline alichomoa uzi mmoja akautazama kwa muda mrefu kwenye mwanga wa mlango. Jiwe, na jinsi lilivyokuwa laini.

Siku ya tatu walibakiwa na ukuta mmoja, ule wa mpaka. Ulikuwa umefichwa na kabati kuukuu la mbao lililopigwa misumari tangu zamani, limejaa makopo ya rangi iliyokauka. Wakalibandua. Nyuma yake, kwenye usawa wa kifua, palikuwa na kijisanduku cha maungio ya umeme kilichopakwa rangi pamoja na ukuta, mara mbili au tatu, hata kikawa kama chunusi. Waya mmoja mnene wa kijivu uliingia humo kutoka ndani ya ukuta wenyewe. Mwingine ulitoka juu, ukapanda mpaka darini, ukatokomea upande wa nyumba.

Yowasi alikitazama kwa sekunde mbili. Alikuwa tayari amezima swichi kuu ya nyumba nzima tangu asubuhi, kwa sababu siku hiyo alikusudia kuanza kupitisha nyaya mpya ndani ya vyuma. Akasema huo ni mstari wa zamani, umekufa. Angeukata pande zote mbili, ausukume nyuma, na sufi na bodi zingeufunika. Akatoa koleo lake mfukoni. Mpira wa mkono mmoja wa koleo hilo ulikuwa umechanika, naye alikuwa ameuzungushia utepe.

Mercyline alikuwa amepiga magoti akikusanya makopo ya rangi. Alikumbuka ile barua. Aliikumbuka vizuri, hata maneno yake. Lakini macho yake yalikuwa yameshikwa na ule waya wa chini. Ulikuwa unaingia kutoka kwenye ukuta wa mpaka, na upande wa pili wa ukuta huo hapakuwa na nyumba ya Bi Mahfudha.

"Fundi," akasema, "huu unatoka wapi?"

Yowasi akasema unatoka zamani, nyabo, kama kwao wanavyomwita mwanamke kwa heshima.

"Naomba testa yako kidogo tu. Kabla hujakata."

Alisema kwa adabu, lakini alikuwa ameshasimama na mkono ameunyosha. Yowasi akacheka, akampa hicho kipima umeme, kama mtu anavyompa mtoto funguo achezee. Mercyline alibandua kifuniko cha kijisanduku kwa bisibisi, taratibu, rangi ikidondoka vipande vipande. Akagusa ncha ya testa kwenye waya wa kwanza.

Kitaa kidogo ndani ya testa kikawaka.

Yowasi akasema testa hizo za bei rahisi hudanganya, na waya uliokaa karibu na mwingine huweza kuazima umeme kidogo usio na nguvu. Hilo lilikuwa kweli, na Mercyline alilijua. Lakini nyumba nzima ilikuwa imezimwa; uazime kwa nani? Akaenda kwenye soketi ya kando ya mlango akaigusa kwa testa ile ile. Giza. Akarudi kwenye waya. Mwanga. Munir alikuwa ameacha kupima, penseli iko sikioni, anatazama. Mercyline akaomba balbu na kishikizo chake kutoka kwenye sanduku la Yowasi, kwa kuwa umeme wa kuazima huweza kuichekesha testa lakini hauwezi kuwasha balbu. Akavaa glavu, akaunganisha nyaya mbili za balbu kwenye maungio.

Balbu iliwaka kwa nguvu zake zote. Gereji ikawa nyeupe mpaka pembeni.

Yowasi alilitazama koleo mkononi mwake, kisha akaligeuza akatazama pale palipochanika. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaiketia.

"Mimi ningekata hii," akasema. "Ningekata na mkono wa jasho."

Munir akavaa glavu, akazichomoa nyaya za balbu taratibu, akafunga kijisanduku. Akasema hakuna mtu wa kugusa ukuta huo mpaka mwenye umeme ajulikane. Ofisini hangepiga simu kwanza, maana aliwajua. Wangemwambia funika, maliza, njoo Al Baraha. Akamgeukia Mercyline na kumwuliza yeye anaonaje. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu mtu kumwuliza hivyo, na Mercyline hakupoteza muda kuifikiria heshima hiyo, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimeshapanda darini kuufuata waya.

"Tunajua unatoka kwa jirani," akasema. "Sasa tujue unaenda wapi."

Bi Mahfudha alikuwa amekaa barazani akijipepea, kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimezimwa pamoja na kila kitu, na ingawa mwezi wa tisa ulikuwa unakaribia kwisha, joto halikuwa na habari. Mercyline alimwomba ruhusa ya kuingia ndani kutazama waya. Yule bibi akamwambia aingie tu, viatu avue.

Ndani palikuwa kimya kwa namna ambayo nyumba za Dubai haziwi kimya kamwe. Hakuna kiyoyozi, hakuna feni, hakuna runinga ya chumba cha pili. Mercyline alisimama katikati ya sebule bila viatu. Ndege ikapita, kishindo kikaja kikaisha. Na kilipoisha, akasikia kitu. Kilikuwa mngurumo mdogo, wa chini, kama paka aliyelala. Akaufuata. Haukuwa jikoni. Akapita jikoni, akafungua mlango wa stoo, na humo, baina ya magunia ya mchele na madumu ya maji, palikuwa na friza nyeupe ya kulala, kubwa kama sanduku la maharusi, inanguruma kwa utulivu katika nyumba isiyo na umeme. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka.

Akachungulia nyuma yake. Soketi haikufanana na nyingine za nyumba ile. Ilikuwa ya aina nyingine, nene, ya rangi ya maziwa, na kutoka juu yake mfereji wa plastiki ulipanda mpaka darini, ukielekea gereji.

Bi Mahfudha alikuwa amemfuata, mkono mmoja ukutani. Mercyline akamwuliza kama alijua kuwa friza inafanya kazi.

"Hiyo haizimiki," Bi Mahfudha akasema, kama mtu anayeeleza tabia ya mtu wa nyumbani. "Umeme ukikatika nyumba nzima, hiyo iko. Ndiyo maana nikatia nyama humo. Marehemu aliniambia hii soketi ya dawa, usichomeke kitu kingine. Alipofariki, nikasema basi, dawa hakuna tena, nikatia friza."

"Dawa gani, Bi Mahfudha?"

"Insulini. Sheikhan alikuwa na sukari."

Mercyline akamweleza. Alieleza polepole, kwa maneno ya kawaida: kwamba umeme wa friza hautoki kwenye mita ya nyumba hii, unatoka upande wa pili wa ukuta, umepita gerejini, na kwamba fundi wao alikuwa nusura aukate kwa mkono. Bi Mahfudha alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakaa juu ya gunia la mchele.

Halafu akauliza ni miaka mingapi. Mercyline akasema hajui. Bibi mwenyewe ndiye anayejua soketi iliwekwa lini. Bi Mahfudha akahesabu kwa vidole. Kiangazi cha mwaka tisini na tisa alikuwa Muscat siku arubaini, binti yake mkubwa amejifungua. Aliporudi aliikuta soketi ipo. Sheikhan hakueleza zaidi ya yale ya dawa, naye hakuuliza.

"Miaka kumi na mitano," akasema. "Nakula kwa Shifaa miaka kumi na mitano, nami sijui."

Ndipo Mercyline alipojua kwamba jirani ana jina, na kwamba jina hilo halitamkwi kwa urahisi katika nyumba ile. Habari aliipata pale pale, kwa vipande. Bi Shifaa wa nyumba ya pili alikuwa mtu wa Pemba, na waume zao, Sheikhan na Waleed, walikuwa marafiki wa kupindukia. Wote wawili walikuwa wameshafariki, Sheikhan kwanza, Waleed miaka mitatu baadaye. Kisha kijana wa Shifaa alimposa binti mdogo wa Bi Mahfudha, posa ikakubaliwa, na wiki mbili kabla ya ndoa yule binti akasema hataki. Vijana wenyewe walishaoa na kuolewa kwingine, wana watoto, na wakikutana kwenye maduka makubwa husalimiana. Waliobaki na kinyongo ni mama zao. Miaka minane walikuwa hawajasemezana. Wakikutana mlangoni, mmoja hujifanya anatafuta funguo.

Bi Mahfudha aliinuka kwa shida, akaomba buibui lake. Alisema hawezi kulala usiku mmoja zaidi akijua anatumia cha mtu bila idhini. Kisha akamtazama Mercyline. Alimwambia waende pamoja, kwa sababu yeye hatajua kueleza habari za nyaya, na akikaa peke yake mbele ya Shifaa ataanza kueleza habari nyingine.

Munir akakubali. Yowasi aliinuka kutoka kwenye ndoo yake akasema atangoja pale pale, na simu ameshika.

Bi Shifaa alifungua mlango mwenyewe. Alikuwa mdogo wa umbo, miwani mikubwa, mikono ina unga. Alimwona Bi Mahfudha, akamwona mwanamke mwenye ovaroli ya vumbi kando yake, na uso wake ukawa mgumu, halafu ukawa na wasiwasi. Akauliza kama kuna mtu amefariki.

"Hakuna," Bi Mahfudha akasema. "Nimekuja kwa sababu ya umeme."

Walikaribishwa, kwa kuwa mgeni aliyefika mlangoni hukaribishwa hata akiwa nani. Bi Mahfudha aliketi kwenye ukingo wa kochi na kumwachia Mercyline aseme. Mercyline akasema yote, kijisanduku, balbu, friza, soketi ya rangi ya maziwa. Alipofika mahali pa ukuta wa mpaka, Bi Shifaa aliacha kufuta unga mikononi. Alipomaliza, Bi Shifaa hakumjibu yeye wala Bi Mahfudha. Aliondoka, akawaita kwa mkono wamfuate ukumbini, akafungua mlango mdogo wa chuma ukutani.

Ndani palikuwa na breka zimepangwa safu mbili. Moja, ya mwisho kulia, ilikuwa imebandikwa kipande cha plasta kilichogeuka rangi ya chai. Juu yake kulikuwa na maandishi ya wino, herufi za Kiarabu. Mercyline hakuweza kuzisoma. Bi Mahfudha aliinama, akasogeza uso, akasoma kwa sauti, na lugha iliyotoka ilikuwa Kiswahili.

"Hii usizime abadan."

"Ni mkono wa Waleed," Bi Shifaa akasema. "Aliandika, hakunambia ya nini. Nami kila nikifungua hapa naiona. Nilidhani ya pampu. Fundi wa pampu akanambia sio. Nikadhani ya kengele. Siku moja, amekwisha kufa, nikaizima kusudi. Nikazunguka nyumba nzima, chumba kwa chumba, nitazame kipi kimezimika. Hapana kilichozimika. Taa zawaka, jiko lawaka, kila kitu chawaka. Nikaogopa. Nikairudisha. Na toka siku hiyo, nikisafiri nazima zote, hii naiacha."

Mercyline alimwona kwa mawazo yule mama akizunguka nyumba yake chumba kwa chumba akitafuta kitu ambacho hakikuwa ndani ya nyumba yake. Alitaka kuuliza mambo kumi kwa pamoja. Akauliza moja: kama aliwahi kumwona marehemu mumewe akifanya kazi kwenye ukuta ule.

Bi Shifaa akafikiri. Akasema kulikuwa na alasiri moja ya kiangazi, Waleed alirudi nywele zimejaa vumbi jeupe, akamwambia amemsaidia Sheikhan kutundika mlango. Alishangaa, kwa sababu Sheikhan alikuwa na pesa ya kumwita fundi wa milango.

"Hakukuwa na mlango wowote," Bi Mahfudha akasema polepole. "Nyumba yetu zamani ilikuwa na nyaya mbovu. Kila siku ya joto inakatika, mara mbili, mara tatu. Mie sipo, niko Muscat. Insulini ikipata joto inaharibika." Akaigusa plasta kwa kidole. "Aliona haya kuniambia. Sheikhan alikuwa hataki mtu ajue kama anajidunga sindano. Hata watoto hawakujua."

"Waleed alijua."

"Alijua."

Wakasimama wote watatu mbele ya kile kisanduku, wakiitazama plasta. Wanaume wawili walitoboa ukuta kwa siku moja, wakapitisha waya, wakaurudishia rangi, na hakuna aliyemwambia mkewe. Kwa nini Waleed aliuacha hata baada ya rafiki yake kufa, hilo Mercyline aliliuliza. Bi Shifaa akasema labda alisahau. Bi Mahfudha akasema mtu hasahau kitu alichoandika abadan. Wakaelekea kubishana, kisha wakaacha.

Bi Mahfudha akasema alichokuja kusema, kwamba amsamehe kwa umeme wa miaka yote hiyo, na kwamba atamlipa. Bi Shifaa akamkatiza. Hakuwa na cha kusamehe, akasema, kwa kuwa aliyetoa alikuwa Waleed, na alichotoa Waleed yeye hawezi kukiuza. Kisha akamwuliza Mercyline kama waya unaweza kubaki.

Mercyline angependa kusema ndiyo. Aliona wote wawili wanangoja aseme ndiyo.

"Hauwezi kubaki, Mama," akasema. "Nyumba moja haifai kuwa na umeme kutoka pande mbili. Fundi akizima swichi kuu, anaamini amezima yote. Leo rafiki yetu alikuwa na koleo mkononi. Hakuna mtu aliyemwandikia yeye plasta."

Bi Shifaa aliitikia kwa kichwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema basi atazima mwenyewe. Mercyline akampigia Yowasi simu, akamwambia aunganishe balbu, kwa glavu, asishike kingine. Bi Shifaa akaweka kidole kwenye breka. Hakuishusha mara moja. Bi Mahfudha alisogea mpaka bega lake likagusa la mwenzake, akasema, "Bismillahi," na Bi Shifaa akashusha.

"Imezima," Yowasi akasema kwenye simu.

Mercyline alimwambia apime tena kwa testa, waya mmoja mmoja. Akapima. Akasema yote imekufa kweli. Mercyline alirudi gerejini. Yowasi alimpa lile koleo lenye utepe, akamwambia akate yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyeukuta ukiwa hai. Mercyline akalikataa koleo hilo, akachukua lile zima kutoka kwenye sanduku, akakata.

Kuanzia siku hiyo kazi ilibadilika, ingawa hakuna aliyeitangaza. Yowasi alimwita karibu alipokuwa akichora njia za nyaya, na akimwuliza kitu alingoja jibu. Walipitisha nyaya kwenye matundu ya vyuma, wakafunga vijisanduku vya soketi na swichi kwa pima maji, wakavuta mstari mpya wa friza kutoka kwenye mita ya Bi Mahfudha mwenyewe. Mercyline ndiye aliyeunganisha soketi nne za ukuta wa mpaka, kwa mkono wake, na Yowasi akazipima moja moja bila kusema chochote, na kutosema kwake kulimtosha. Kisha wakajaza sufi. Waliikata pana kidogo kuliko nafasi, ili ijibane yenyewe baina ya vyuma, na kila godoro lililoingia lilizidi kuizima sauti ya nje, mpaka ndege zikawa kama mtu anayekokota kiti katika nyumba ya mbali.

Kabla ya Munir kufunga bodi, Mercyline aliomba nusu saa. Alipiga kila ukuta picha kwa simu yake. Kisha akachukua kalamu nene, akaandika juu ya vyuma wapi waya unapita, unatoka breka ipi, unaenda wapi, na mwaka wenyewe, elfu mbili na kumi na nne. Munir akasema hakuna atakayeyaona maandishi hayo nyuma ya bodi. Mercyline akasema yuko mtu atakayeyaona siku atakapobomoa. Munir akatafakari kidogo, akachukua kalamu, akaongeza chini kwamba vyuma viko sentimita sitini sitini.

Taarifa ya kazi aliiandika Munir mwenyewe, na ndani yake akaeleza jinsi fundi umeme alivyonusurika na nani aliyemnusuru. Ofisi ya Al Baraha ilikaa kimya wiki tatu. Kisha wakamwita Mercyline, wakamwuliza kwa nini hakuwahi kuwaambia ana cheti. Alikuwa amewaambia mara mbili, kwa maandishi. Hakuwakumbusha. Aliwaonyesha tena, wakakitazama mbele na nyuma, wakasema kibali kikifika wakati wa kuandikwa upya kitaandikwa msaidizi wa fundi umeme, inshallah. Lilikuwa neno la ofisi, na maneno ya ofisi alikuwa ameyazoea, lakini safari hii kulikuwa na karatasi yenye muhuri, na muhuri alikuwa hajawahi kupewa. Kibali kilitoka mwezi wa pili.

Rashidiya alirudi mara moja zaidi kabla ya hapo, yeye na Munir, kukagua nyufa za bodi. Walimkuta Bi Mahfudha katika chumba chake kipya, kitanda kimeshaingia, na Bi Shifaa ameketi kwenye kiti kando ya dirisha dogo, viatu amevua, birika la kahawa liko sakafuni na waya wake umevutwa kukatiza chumba. Walikuwa wakibishana. Bi Shifaa alisema kitanda kimekaa vibaya, miguu inaelekea mlangoni. Bi Mahfudha alisema kitanda ni chake na miguu ni yake. Habari ya posa, Mercyline alikuja kuambiwa baadaye, walikuwa wameshaizungumza siku moja kuanzia adhuhuri mpaka magharibi, wakalia, wakalaumiana, na hawakukubaliana ni nani aliyekosea.

Walipomaliza kukagua nyufa, Bi Shifaa alimwita Mercyline. Akamwuliza kama inawezekana kuongeza soketi moja, pale penye kiti chake, maana huo waya wa birika utamwangusha mtu.

Munir akaanza kusema ukuta umeshafungwa na rangi imeshapakwa. Mercyline alikuwa ameshatoa simu, ameifungua picha ya ukuta ule ulivyokuwa kabla ya bodi, na anahesabu vyuma kwa kidole. Waya ulipita hapo hapo, shubiri moja kulia kwa kiti. Akamwomba Bi Shifaa asogee kidogo, akapima sentimita arobaini kutoka sakafuni, akachora mraba kwa penseli, akaenda kuzima breka.

Aliporudi alipima kwanza kwa testa, kisha akachukua msumeno mdogo, akaanza kukata.